Dhahabu ya Ardhini na Bei ya Hisa

Nataka kueleza hesabu moja ambayo haimo katika vitabu vyetu vya darasani, ingawa kila hatua yake tumekwisha kufundishwa. Ni hesabu ya kujua hisa moja ya kampuni ya madini ina thamani gani, ukianzia na mawe yaliyomo ardhini. Sikuitafuta kwa kupenda elimu tu. Ilinijia nyumbani Busia wakati wa likizo, ikiwa imechapwa juu ya karatasi nzuri yenye rangi.

Mjomba wangu huuza dagaa mpakani. Jioni moja aliniita, akaniwekea karatasi ile mezani, akasema, "Mwanangu, wewe ndiwe unayesoma hesabu. Nisomee hii, kisha uniambie kama niuze ng'ombe." Alikuwa na maksai watatu wa kulimia, na mtu mmoja alikuwa amemwambia kwamba fedha zao zingemtosha kununua hisa 600 za kampuni ndogo ya dhahabu. Jina la kampuni hiyo sitalitaja, kwa maana somo langu si juu yake bali ni juu ya hesabu.

Karatasi ilisema hivi: Kampuni ina mshipa wa dhahabu wenye urefu wa mita 400, kina cha mita 100 na unene wa mita 2. Kila tani ya mwamba ina gramu 5 za dhahabu. Dhahabu yote ni kilo 1,080. Kwa bei ya dola 2,000 kwa wakia, bei waliyoichagua wao, mali hiyo ni dola milioni 69. Hisa ziko milioni 20. Basi kila hisa "ina thamani" ya dola 3.47, nayo inauzwa kwa dola 1 tu.

Nilipoisoma mara ya kwanza, nakiri kwamba nilisisimka. Nani asiyetaka kununua kitu cha dola tatu na nusu kwa dola moja? Lakini mwalimu wetu wa hesabu ana desturi ya kutuambia kwamba jibu likiwa tamu mno, rudi uangalie swali. Nikamwomba mjomba siku mbili, nikachukua daftari.

1. HISA NI NINI

Hisa ni sehemu ya umiliki wa kampuni. Mwenye hisa 600 katika milioni 20 anamiliki sehemu ndogo sana ya kampuni, lakini ni sehemu ya nini hasa? Hapa ndipo wengi wanapopotea. Hamiliki dhahabu iliyomo ardhini. Kwanza, kwa sheria ya Uganda na vilevile ya Kenya, madini ya ardhini ni mali ya taifa. Kampuni hupewa leseni tu ya kuyatafuta au kuyachimba. Pili, mwenye hisa ni mtu wa mwisho kulipwa. Kabla yake wako wafanyakazi, wauza mafuta, serikali yenye kodi na mrabaha wake, na benki yenye deni lake. Kinachobaki baada ya hao wote ndicho chake.

Kwa hiyo swali la kuuliza si "dhahabu ni kiasi gani?" bali ni "kitabaki kiasi gani, na lini?"

2. KUPIMA MAWE

Tuanze na hesabu ya mawe, nayo ni rahisi. Zidisha urefu kwa kina kwa unene: 400 × 100 × 2 ni mita za ujazo 80,000. Mita moja ya ujazo ya mwamba wa namna hii ina uzito wa tani 2.7 hivi. Basi mwamba ni tani 216,000. Kila tani ikiwa na gramu 5, dhahabu ni gramu 1,080,000, yaani kilo 1,080. Hapo karatasi ilikuwa sahihi.

Lakini yafaa tuulize, nani aliuona mshipa huo kwa mita 400 na kwa kina cha mita 100? Mwamba hauonekani kama ukuta wa nyumba. Wataalamu hutoboa mashimo membamba kwa mtambo, wakatoa vigogo vya mwamba, wakavikata na kuvipeleka maabara. Mashimo yakiwa mbali mbali, yaliyomo kati yao ni kukisia. Yakiwa karibu karibu, kukisia hupungua. Ndiyo sababu nchi zenye migodi mingi, kama Australia na Kanada, zimeweka madaraja matatu: hazina iliyokisiwa, iliyoonyeshwa, na iliyopimwa. Juu ya hayo kuna neno la heshima zaidi, akiba ya kuchimbika, nalo halitumiki mpaka mtaalamu athibitishe kwamba dhahabu hiyo inaweza kuchimbwa kwa faida. Ukikuta karatasi inasema "tuna dhahabu" bila kutaja daraja lake, jua kwamba umepewa nusu ya habari.

Watu waliwahi kupotea sana hapa. Katika miaka ya 1990 kampuni moja ya Kanada iitwayo Bre-X ilitangaza hazina kubwa mno ya dhahabu mahali paitwapo Busang, katika kisiwa cha Borneo nchini Indonesia. Bei ya hisa zake ikapanda mpaka kampuni nzima ikahesabiwa kuwa na thamani ya dola za Kanada bilioni 6 hivi. Mwaka 1997 kampuni nyingine ilitoboa mashimo yake yenyewe kando ya yale ya kwanza, na haikukuta dhahabu ya maana. Ikagunduliwa kwamba unga wa dhahabu ulikuwa umetiwa ndani ya mwamba uliosagwa kabla haujafika maabara. Hisa zikawa karatasi tupu, na waliopoteza akiba zao za uzeeni walikuwa wengi. Baada ya hapo, mwaka 2001, Kanada iliweka kanuni kwamba taarifa za namna hiyo zitokane na kazi ya mtaalamu anayetajwa kwa jina, ambaye anaweza kuulizwa.

3. HESABU YA BUSIA YA MWAKA 2022

Hatuna haja ya kwenda Borneo kujifunza kuzikagua tarakimu. Sisi wa Busia tunajua kwamba dhahabu ipo kwetu. Huko Tiira na Busitema watu huchimba mashimo, hutwanga mawe, huyaosha kwa maji, na wengine hukamata chembe kwa zebaki, ambayo ni sumu. Dhahabu ipo, hilo si swali. Swali ni kiasi.

Mwezi wa Juni 2022 msemaji wa Wizara ya Nishati na Madini ya Uganda alitangaza kwamba utafiti umeonyesha tani milioni 31 za mwamba wenye dhahabu nchini, na kwamba humo zingeweza kupatikana tani 320,158 za dhahabu safi. Habari hiyo ilizunguka duniani kote, na kampuni ya Kichina ya Wagagai, iliyokuwa ikijenga mgodi hapa Busia, ikatajwa pamoja nayo. Watu walisema tumekwisha kuwa matajiri.

Chukua kalamu, ndugu msomaji. Gawanya tani 320,158 kwa tani milioni 31. Jibu ni kama kilo 10.3 za dhahabu katika kila tani ya mwamba, yaani gramu 10,300. Wilbaro moja yenye kilo 100 za mawe ingetoa kilo moja ya dhahabu! Migodi mingi duniani hufanya kazi kwa gramu 1 hadi 10 kwa tani. Zaidi ya hayo, dhahabu yote iliyopata kuchimbwa na binadamu tangu zamani mpaka mwaka ule ilikisiwa kuwa zaidi kidogo ya tani 200,000. Tangazo lile lilidai kwamba chini ya mihogo yetu mna dhahabu nyingi kuliko ya Farao, ya wafalme wote na ya benki zote zikiwekwa pamoja.

Sasa badili neno moja. Badala ya tani 320,158 soma kilo 320,158. Jibu linakuwa gramu 10.3 kwa tani, nayo ni tarakimu ya kawaida kabisa ya mgodi mzuri. Neno moja la kipimo linatosha kuizidisha mali mara elfu.

Mgodi wa Wagagai ulizinduliwa mwezi wa Agosti 2025. Ulitangazwa kwamba umegharimu dola milioni 250, na kwamba utasaga tani 5,000 za mwamba kwa siku na kutoa kama tani 1.2 za dhahabu safi kwa mwaka. Tuseme unafanya kazi siku 300 kwa mwaka. Hizo ni tani milioni 1.5 za mwamba. Gawanya: inatoka gramu 0.8 kwa tani. Hiyo si aibu, kwa maana mgodi mkubwa unaosaga mawe mengi huweza kupata faida hata kwa gramu moja. Lakini kwa mwendo wa tani 1.2 kwa mwaka, zile tani 320,158 zingechukua zaidi ya miaka 260,000 kuchimbwa.

Nimelieleza jambo hili si kwa kumcheka mtu. Nimelieleza kwa sababu mtoto wa darasa la saba anayejua kugawanya angeweza kulikagua, na sisi wote tulilisoma gazetini bila kushika kalamu.

4. KUTOKA MAWE MPAKA FEDHA

Turudi kwenye karatasi ya mjomba. Tuikubali kwanza kama ilivyo, kwamba mshipa upo na gramu 5 zipo.

Hatua ya kwanza ni kutoa dhahabu itakayopotea. Hakuna kinu kinachokamata kila chembe. Tuseme kinakamata sehemu 90 katika 100. Basi kilo 1,080 zinakuwa kilo 972. Wakia ya dhahabu ni gramu 31.1, si sawa na wakia ya dukani. Gawanya, utapata kama wakia 31,250. Kwa dola 2,000 kila moja, mapato ni dola milioni 62.5.

Hatua ya pili ni gharama ya kazi. Kulipua, kupandisha mawe, kusaga, umeme, kemikali, mishahara na ulinzi, tuseme dola 150 kwa tani. Tani 216,000 zitakula dola milioni 32.4.

Hatua ya tatu ni mrabaha wa serikali. Tuseme asilimia 5 ya mapato, yaani dola milioni 3.1.

Hatua ya nne ni kujenga kinu, barabara na bwawa la maji machafu. Tuseme dola milioni 12, nazo hutolewa zote kabla gramu ya kwanza haijauzwa.

Mpaka hapa zimebaki dola milioni 15. Toa kodi ya asilimia 30, yaani milioni 4.5. Zimebaki milioni 10.5. Ile milioni 69 ya karatasi imekwisha kuyeyuka, wala hatujamlipa mwenye hisa.

5. DOLA YA LEO NA DOLA YA KESHO

Hatua ya tano ndiyo ngumu kuliko zote, nayo ndiyo iliyonishangaza mimi mwenyewe. Fedha hizo haziji siku moja.

Ukinipa shilingi 100 leo, naweza kuikopesha au kununulia vifaranga, na baada ya mwaka ikawa 112. Kwa hiyo ahadi ya shilingi 112 ya mwaka ujao ni sawa na shilingi 100 ya leo. Ili kuirudisha fedha ya kesho katika thamani ya leo, igawanye kwa 1.12 kwa kila mwaka wa kungoja. Asilimia 12 ndiyo niliyoichagua mimi. Penye hatari kubwa watu hudai zaidi.

Tuseme kinu kinajengwa sasa kwa dola milioni 12, mwaka wa kwanza ni wa ujenzi, na uchimbaji unaanza mwaka wa 2 mpaka wa 7. Kila mwaka, baada ya gharama, mrabaha na kodi, zinabaki dola milioni 3.75. Zirudishe katika thamani ya leo:

Mwaka wa 2: milioni 2.99
Mwaka wa 3: milioni 2.67
Mwaka wa 4: milioni 2.38
Mwaka wa 5: milioni 2.13
Mwaka wa 6: milioni 1.90
Mwaka wa 7: milioni 1.70

Jumla ni milioni 13.77. Toa milioni 12 za ujenzi. Zimebaki dola milioni 1.77.

Niliirudia hesabu hii mara tatu, nikidhani nimekosea. Sikukosea. Kungoja peke yake kumekula karibu milioni 9.

Hatua ya mwisho ni deni. Karatasi yenyewe, kwa herufi ndogo chini kabisa, ilitaja deni la dola 770,000. Toa hilo, zibaki dola milioni 1. Gawanya kwa hisa milioni 20. Kila hisa ni senti 5 za dola.

Si dola 3.47, wala si dola 1. Ni senti 5, tena ikiwa kila neno la karatasi ile ni kweli!

6. BEI YA DHAHABU IKIBADILIKA

Mjomba aliniuliza swali zuri. "Na dhahabu ikipanda bei?" Nikampigia hesabu. Bei ikipanda kwa asilimia 10, ikawa dola 2,200, hisa inakuwa kama senti 18, yaani zaidi ya mara tatu. Bei ikishuka kwa asilimia 10, ikawa dola 1,800, mgodi wote ni hasara ya kama dola 790,000 hata kabla ya deni, na haufai kujengwa.

Ndiyo maana hisa za migodi midogo hurukaruka kama panzi. Gharama hazibadiliki, na kwa hiyo kila dola inayozidi au kupungua katika bei inaangukia moja kwa moja faida. Nayo bei haina mwalimu. Mpaka mwaka 1971 bei rasmi ya dhahabu ilikuwa dola 35 kwa wakia. Mwaka 2011 ilifika kama dola 1,900, na mwishoni mwa 2015 ikawa karibu dola 1,050. Mwaka 2020 ilivuka 2,000, na mwaka 2025 ikavuka 4,000. Mtu aliyejenga mgodi mwaka 2011 na mtu aliyejenga mwaka 2015 walikuwa na mawe sawa lakini bahati mbali mbali. Kwa bei ya 4,000 hisa ya mjomba ingekuwa na hesabu nyingine kabisa, lakini anayenunua kwa sababu hiyo ajue kwamba anabahatisha bei, hanunui mawe.

7. NJIA YA MKATO

Kuna njia nyingine fupi, nayo ni kulinganisha. Mwaka 2020 kampuni ya Shanta Gold ilinunua kwa Barrick mradi wa dhahabu wa Kenya Magharibi, ulio Kakamega, si mbali na sisi. Kakamega ni nchi ya dhahabu ya siku nyingi. Wachimbaji walifurika huko katika miaka ya 1930. Hazina iliyokisiwa ilikuwa kama wakia milioni 1.2, yenye gramu zaidi ya 12 kwa tani, na bei waliyokubaliana ilikuwa kama dola milioni 14.5, sehemu kwa fedha na sehemu kwa hisa, pamoja na mrabaha wa siku za mbele. Gawanya. Kila wakia iliyomo ardhini ilinunuliwa kwa kama dola 12, wakati wakia iliyosafishwa sokoni ilikuwa inauzwa kwa zaidi ya dola 1,500.

Kwa nini dola 12 tu? Kwa sababu mnunuzi alikuwa ananunua dhahabu ambayo bado kutobolewa vizuri, kuombewa leseni, kukubaliana na wenye mashamba, kujengewa mgodi na kungojewa miaka. Mashamba ya Kakamega yamejaa watu, na makaburi ya babu zao yamo humo.

Sasa itazame karatasi ya mjomba. Hisa milioni 20 kwa dola 1 ni kampuni ya dola milioni 20. Gawanya kwa wakia zake 34,700 zilizomo ardhini. Ni kama dola 576 kwa wakia. Wataalamu walilipa dola 12. Mjomba aliombwa 576. Bei ya dhahabu imepanda sana tangu 2020, lakini haikupanda mara 48. Hesabu hii ilinichukua dakika mbili, na laiti ningalianza nayo.

Na kampuni nzima yenye migodi inayofanya kazi? Desemba 2023 Shanta Gold hiyo hiyo, iliyokuwa na migodi New Luika na Singida nchini Tanzania pamoja na mradi wa Kakamega, ilipata mtu wa kuinunua yote. Alitoa peni 13.5 za Uingereza kwa hisa, kiasi cha pauni milioni 142, na baadaye akaongeza. Tazama jinsi hisa ya kampuni yenye dhahabu ya kweli inavyoweza kuwa na bei ya peni chache tu, kwa sababu hisa zake zilizidi bilioni moja. Ubei mdogo wa hisa moja hauonyeshi urahisi, wala ubei mkubwa hauonyeshi utajiri. Siku zote zidisha kwa idadi ya hisa.

8. MAWE MENGI SI FAIDA

Nisiwachoshe, lakini mifano miwili ya mawe mengine yanafaa.

Kutoka shuleni twaiona milima ya Sukulu. Humo mna tani zaidi ya milioni 200 za udongo wenye fosfeti, ambayo hutengenezewa mbolea. Kiwanda cha mbolea kilifanya kazi Tororo katika miaka ya 1960, kikafa katika miaka ya 1970, na kiwanda kipya hakikuzinduliwa mpaka Oktoba 2018. Kwa karibu miaka 40 mlima ulikuwa mahali pake, na tani zake hazikupungua, lakini hazikumlisha mtu. Mtu aliyenunua "tani za Sukulu" mwaka 1980 angekufa maskini mwenye mlima.

Mfano wa pili ni kampuni ya Athi River Mining ya Kenya, ambayo baadaye iliitwa ARM Cement. Ilikuwa na mawe ya chokaa Kenya na Tanga, tena mawe mazuri, na hisa zake ziliuzwa katika soko la Nairobi tangu 1997. Ilikopa sana ili ijenge viwanda vikubwa, deni likaizidi nguvu, na Agosti 2018 ikawekwa chini ya wasimamizi. Viwanda vyake viliuzwa ili walipwe wenye madeni. Mawe ya chokaa hayakukimbia kwenda popote. Waliokosa ni wenye hisa.

9. MASWALI MATANO YA KUMUULIZA MUUZAJI

Nilimwandikia mjomba maswali haya, nami nawaachia ninyi, hasa mnaopokea mishahara na kufuatwa na wauzaji:

Kwanza, hazina iko katika daraja gani, na ni mtaalamu gani aliyetia sahihi? Pili, leseni ni ya kutafuta au ya kuchimba, na inakwisha lini? Tatu, kujenga mgodi kutagharimu kiasi gani, na fedha zitatoka wapi? Wakijibu kwamba watauza hisa nyingine, jua kwamba keki ile ile itakatwa vipande zaidi. Nne, kampuni inadaiwa kiasi gani? Tano, je, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji imeidhinisha hisa hizi ziuzwe kwa watu wote? Mamlaka hiyo ipo Kampala, na nyingine ya namna hiyo ipo Nairobi, na swali moja kwao halina malipo.

Muuzaji alikuja Jumamosi. Mjomba alimkaribisha chai, akamsomea maswali moja moja kwa sauti ya upole, kwa maana ni mzee mwenye adabu. Mgeni aliyaandika, akasema atarudi na majibu Jumatatu. Hakurudi. Ndipo mjomba akanieleza jambo alilonificha, kwamba alikuwa amekwisha kulipia hisa 50 kabla ya kuniita, na stakabadhi haina anwani. Hakunilaumu, wala mimi sikuwa na neno. Fedha hizo ndizo zilizokuwa zikingojwa kwa ada yangu ya muhula wa pili, na mama aliziba pengo kwa kuuza mahindi kabla ya bei kupanda.

Lakini maksai watatu wapo. Niliporudi shuleni walikuwa wanalima. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami naongeza kwamba daftari likifunguliwa baada ya kulipa, limechelewa. Fungueni kwanza.

MAZOEZI

(a) Mshipa una urefu wa mita 300, kina cha mita 80 na unene wa mita 1.5. Tani 2.7 kwa mita ya ujazo, gramu 6 kwa tani, kinu kinakamata asilimia 85. Zitapatikana wakia ngapi?

(b) Kampuni ina hisa milioni 50 zinazouzwa kwa senti 40 za dola, na hazina iliyokisiwa ya wakia 200,000. Mnunuzi analipa kiasi gani kwa kila wakia iliyomo ardhini? Linganisha na Kakamega.

(c) Umeahidiwa dola 1,000 baada ya miaka 5. Kwa asilimia 12, ni sawa na dola ngapi leo?

Majibu: (a) kama wakia 15,940. (b) Dola 100, zaidi ya mara 8 ya bei ya Kakamega. (c) Kama dola 567.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita